Askari wa Angani na Neno la Ardhini



Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Tukikumbuka Vita vya Kagera, vya mwaka 1978 na 1979, mara nyingi fikira zetu huwaendea askari wa miguu, wale waliotembea kutoka Mutukula mpaka Masaka, na kutoka Masaka mpaka Kampala na mbele zaidi, mabuti yakiwa yamejaa tope. Ni haki yao kukumbukwa. Lakini wako wengine ambao habari zao hazisimuliwi sana. Ni wale waliopigana vita vile angani, na wale waliokaa chini wakiziongoza ndege, wakizitengeneza na kuzilinda.

Somo letu la safari hii lahusu watu wa namna hiyo. Tutaangalia mambo yaliyowapata askari wa angani, waume kwa wake, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha tutakuja kwenye vita vyetu wenyewe. Twataka kujifunza jambo moja tu, nalo ni hili: maisha ya mtu aliye angani yamo katika neno la mtu aliye ardhini. Neno la kweli humrudisha nyumbani. Neno la makosa humwua, ijapokuwa yeye ni hodari na ndege yake ni nzima.

Yafaa somo hili lisomwe polepole, au wasome watu wawili watatu pamoja, maana mwishoni yako maswali ya kujadili.

1. MMOJA JUU, WENGI CHINI

Ndege nyingi za kivita za kasi hubeba rubani mmoja tu. Tukimwona anapita juu twadhani kazi yote ni yake. Sivyo. Nyuma yake yuko fundi wa injini, na fundi wa silaha, na yule ajazaye mafuta. Yuko mtu aliyeukunja mwavuli wa kujiokolea, na huenda rubani hajui hata jina lake. Yuko mtabiri wa hali ya hewa. Yuko mwongozaji asemaye naye kwa redio, na mtu wa rada, ambaye kazi yake ni kuona kwa mawimbi kile ambacho macho hayajakiona. Tena wako askari wa mizinga ya kutungulia ndege, ambao wanamlinda yeye na kituo chake.

Kila mmoja wa hao hutoa neno. Fundi akitia sahihi katika kitabu cha ndege, asema, “Ndege hii ni nzima.” Mtabiri asema, “Mawingu yatakuwa hivi na hivi.” Mwongozaji asema, “Pita njia hii, kwa urefu huu, saa fulani.” Rubani huyaamini maneno hayo yote kisha akaruka. Askari wa miguu akipotea aweza kusimama akauliza njia. Rubani wa ndege ya kasi hawezi kusimama.

Tufikiri pia habari ya wakati. Ndege iendayo kilomita 900 kwa saa hupita kilomita 15 kwa dakika moja. Kutoka hapa Chamazi mpaka katikati ya jiji, safari ambayo kwa daladala yaweza kula saa nzima na zaidi, ndege hiyo yaimaliza kwa dakika moja na nusu hivi. Basi mtu aliye kwenye mzinga, akiiona inakuja, ana nukta chache tu za kuamua kama ni rafiki au adui. Kama hakuambiwa mapema, hana tena wakati wa kuuliza.

2. KIJANA ALIYETOKA DAR ES SALAAM

Mwaka 1938 kijana mmoja Mwingereza, Roald Dahl, alikuja Dar es Salaam kufanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell. Baadaye ulimwengu ulimjua kama mwandishi wa vitabu vya watoto, lakini wakati ule alikuwa karani tu. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, alikata shauri kuwa rubani. Mwezi Novemba aliendesha gari kutoka Dar es Salaam mpaka Nairobi, akajiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Walioanza mafunzo pamoja huko Nairobi walikuwa vijana 16. Yeye mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1986 kwamba 13 katika hao waliuawa angani katika muda wa miaka miwili.

Tarehe 19 Septemba 1940, Dahl alikuwa Misri. Aliagizwa kupeleka ndege kwenye kikosi chake, Kikosi cha 80, kilichokuwa kimepiga kambi jangwani. Kituo cha mwisho alichotua kutia mafuta kilimwelekeza mahali ambapo angekiona kikosi hicho. Akaruka, akafika mahali pale, akatafuta. Hakukuwa na kambi wala hema wala ndege, bali mchanga na mawe. Jua likawa linatua na mafuta yanakwisha. Ikambidi ashuke jangwani, ndege ikagonga jiwe na kuvunjika, kisha ikashika moto. Alijiburura akatoka, fuvu la kichwa limepasuka, na kwa majuma mengi hakuona kwa macho.

Uchunguzi wa jeshi ulionyesha kwamba mahali alipoelekezwa palikuwa si penyewe. Alikuwa ametumwa kwenye eneo lililokuwa kati ya majeshi mawili yanayopigana. Adui hakumpiga risasi hata moja. Aliumizwa na maelekezo mabaya kutoka upande wake mwenyewe. Alipopona alirudi kikosini, akapigana Ugiriki mwezi Aprili 1941.

3. NDEGE ZA BAHARINI

Sasa tutazame mfano ulio kinyume cha huo, ambapo neno lilitolewa vema. Huu nao wahusu pwani yetu.

Katika vita ile nyambizi za Ujerumani na za Japani ziliingia Bahari ya Hindi kuzamisha meli. Ili kuzitafuta, Waingereza waliweka kwenye pwani ya Afrika Mashariki vikosi vya ndege zinazotua majini, ziitwazo Catalina. Kikosi kimoja, cha 259, kiliundwa Kipevu, Mombasa, mwaka 1943, na mwaka huo huo kikahamia Dar es Salaam. Kazi yao ilikuwa ya kuchosha kuliko ya kutisha. Waliruka saa nyingi mno juu ya maji matupu, wakitazama, na mara nyingi walirudi bila kuona kitu.

Tarehe 20 Agosti 1943, kusini ya Madagaska, ndege ya kikosi hicho iliyoongozwa na rubani Barnett iliikuta nyambizi ya Kijerumani, U-197. Ndege iliipiga na kuijeruhi hata isiweze kuzama chini na kujificha. Lakini haikuweza kuimaliza. Barnett hakuondoka, wala hakukaa kimya. Alizunguka juu yake muda mrefu, akituma ishara za redio kuwaonyesha wenzake mahali ilipo. Ndipo ndege nyingine, ya Kikosi cha 265, ikiongozwa na rubani Robin, ikafuata ishara zile mpaka ikafika, na nyambizi ikazamishwa. Mabaharia wote 67 waliokuwamo walikufa.

Wale 67 nao walikuwa na mama zao, na hatusimulii ili tushangilie. Twasimulia ili tuone tofauti. Dahl alipewa neno la makosa akaangukia jangwani. Robin alipewa neno sahihi juu ya bahari isiyo na alama yo yote, akafika penyewe.

4. SIKU YA TATU YA VITA

Pengine mtu atasema, “Makosa ya namna hiyo ni ya jangwani, penye upungufu wa vyombo.” Basi twende Uingereza kwenyewe, penye rada, simu na viwanja vilivyo tayari.

Uingereza iliingia vitani tarehe 3 Septemba 1939. Siku tatu baadaye, asubuhi ya tarehe 6, ilitolewa habari kwamba ndege zisizojulikana zinakuja kutoka baharini upande wa mashariki ya London. Ndege za Kikosi cha 56 zikarushwa kwenda kuzipinga. Mitambo ya rada ikaziona ndege hizo hizo za Kiingereza, lakini kwa hitilafu ikazihesabu kama za adui. Basi zikarushwa nyingine kwenda kuzikabili zile za kwanza. Kadiri ndege zilivyozidi kuruka, ndivyo alama zilivyozidi kwenye ramani, na ndivyo watu walivyozidi kuamini kwamba adui amekuja kwa wingi. Mwishowe marubani wa Kikosi cha 74 waliwaona wenzao, wakaambiwa washambulie, wakashambulia.

Ndege mbili ziliangushwa. Rubani Montague Hulton-Harrop aliuawa. Yeye ndiye rubani wa kwanza wa ndege za kivita za Uingereza kufa katika vita ile, naye aliuawa na Waingereza wenzake. Angani siku ile hapakuwa na ndege ya Kijerumani hata moja. Marubani wawili waliofyatua walishtakiwa katika mahakama ya kijeshi, wakaonekana hawana hatia, maana kosa halikuwa la vidole vyao peke yake. Lilikuwa limeanza mbali, katika neno la kwanza.

Hapa twakumbuka maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, waraka wa kwanza, sura ya 14, anapozungumza juu ya baragumu itoayo sauti isiyojulikana. Auliza ni nani atakayejiweka tayari kwa vita akiisikia sauti ya namna hiyo. Siku ile baragumu ililia, watu wakajiweka tayari kweli kweli, lakini sauti ilikuwa ya uongo.

5. WANAWAKE WALIOSHIKA SIMU

Baada ya msiba ule Waingereza walitia bidii kubwa katika kutengeneza neno la ardhini. Na katika kazi hiyo wanawake walikuwa na sehemu kubwa. Kikosi cha wanawake cha Jeshi la Anga kilikua mpaka mwaka 1943 kikawa na wanawake zaidi ya 180,000. Wengi walikaa vyumbani chini ya ardhi, vipokea sauti masikioni, wakipokea habari za rada na za walinzi wa pwani, kisha wakizihamisha alama juu ya meza kubwa yenye ramani. Alama ikiwekwa si mahali pake, marubani wangetumwa si mahali pao. Kwa hiyo walifundishwa kusikiliza vema, kurudia walichosikia, na kutoongeza neno la kwao.

Mwezi Agosti 1940 kiwanja cha Biggin Hill, kusini ya London, kilipigwa mabomu tena na tena. Tarehe 18 Agosti, Sajini Joan Mortimer alikuwa kwenye ghala la silaha, amezungukwa na baruti. Mabomu yalipoanza kuanguka hakukimbia. Aliendelea kukaa kwenye simu akipeleka habari kwa walinzi wa kiwanja. Mashambulio yalipopungua alichukua vibendera vyekundu, akatoka nje, akaenda akivichomeka mahali penye mabomu yaliyokuwa hayajalipuka, ili marubani wanaorudi wapaone na kupaepuka. Bomu moja lililipuka karibu naye, naye akaendelea. Muda mfupi baadaye, katika kiwanja hicho hicho, wanawake wengine wawili, Helen Turner na Elspeth Henderson, walibaki kwenye simu zao mpaka nyumba waliyokuwamo ikapigwa. Wote watatu walipewa nishani ya ushujaa.

Tazameni ushujaa wao ulikuwa wa namna gani. Hawakurusha ndege, wala hawakupiga bunduki. Ushujaa wao ulikuwa kumwambia mwenzao aliye juu, “Hapa pana hatari, pale pana usalama,” na kuhakikisha kwamba neno hilo ni kweli.

6. HODI ANGANI

Yako pia mambo yaliyobuniwa ili rafiki asimpige rafiki. Kubwa miongoni mwa hayo ni chombo cha kujitambulisha. Kazi yake twaweza kuielewa kwa desturi yetu ya hodi. Mgeni akija usiku, mwenye nyumba huuliza, “Nani?” Mgeni akitaja jina lake, mlango hufunguliwa. Akinyamaza, mwenye nyumba hushika rungu. Ndivyo ilivyo angani. Chombo cha ardhini hutuma swali kwa mawimbi ya redio, na chombo kilicho ndani ya ndege hujibu chenyewe kwa alama ya siri. Ndege ikijibu ipasavyo, huandikwa rafiki.

Lakini ndege inaweza kunyamaza kwa sababu nyingi: chombo kimeharibika, au kimesahauliwa kuwashwa, au alama ya siri imebadilishwa na rubani hakuambiwa. Kwa hiyo majeshi huongeza njia nyingine. Hupanga njia maalumu za kupita, na saa, na urefu. Huwafundisha askari wa mizinga maumbo ya ndege. Hupaka rangi. Kabla ya tarehe 6 Juni 1944, majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalipovuka kwenda Ufaransa, ndege zao nyingi zilipakwa mistari mipana myeusi na myeupe, ili hata askari aliyechoka na kuogopa azijue kwa kutupa jicho mara moja.

Msomaji aone kwamba njia zote hizi zategemea kitu kimoja: habari ifike mapema kwa kila mtu anayehusika. Mistari haina maana kwa askari ambaye hakuambiwa kuna mistari.

7. VITA VYETU

Sasa tuje nyumbani. Mwezi Oktoba 1978 ndege za Iddi Amin ziliushambulia mji wa Bukoba, katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera. Mabomu hayakuharibu sana, ila vishindo vyake vilivunja vioo na watu wakashikwa na hofu kuu. Tarehe 30 Oktoba majeshi yake yaliingia kwa nguvu, yakaiteka sehemu yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Watu waliuawa, mifugo iliporwa, nyumba zilichomwa. Sisi wa Kanisa Anglikana tulikuwa tumekwisha kuujua ukatili wa utawala ule kwa msiba wa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa Februari 1977. Mwanzoni mwa Novemba, Rais Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga, akataja mambo matatu ambayo kila mtu mzima wa siku zile anayakumbuka: uwezo, sababu na nia.

Siku hizo hizo za mwanzo ndege za Uganda zilijaribu kuliangusha daraja la Kyaka, zikashindwa. Daraja lilikuja kuvunjwa kwa baruti iliyotegwa kwa mikono, na watu waliosimama ardhini.

Jeshi letu lilikuwa na ndege za kivita, na kituo kikubwa kilikuwa Ngerengere, mkoani Morogoro. Vita vilipoanza ndege zilipelekwa kanda ya ziwa, upande wa Mwanza. Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo ndilo kiini cha somo letu. Karibu na Musoma, ndege za Tanzania zilipigwa na kuangushwa na mizinga ya Tanzania.

Tusilipite jambo hili haraka. Tujiweke mahali pa askari wa mzinga. Amesikia kwamba Bukoba imepigwa kutoka angani. Ameagizwa kukesha. Tena pande zote mbili, Uganda na Tanzania, zilikuwa na ndege za jamii ya MiG: za kwao zilinunuliwa Urusi, na zetu nyingi zilitoka China, ambako zilitengenezwa kwa kufuata michoro ya Kirusi. Kwa mtu aliye chini, ndege hizo zinafanana kama mapacha. Zinakuja kwa kasi, kutoka upande wa ziwa, na yeye ana nukta chache. Moyo wake haukuwa mbaya, na jicho lake lilikuwa hodari kiasi cha kulenga na kupata. Alichokosa ni neno moja tu: “Hizo zinazokuja ni zetu.”

Kisha tujiweke mahali pa rubani. Yuko juu ya nchi yake mwenyewe. Chini yake ni mashamba na nyumba za watu aliokuja kuwalinda. Hana sababu ya kuogopa mahali pale. Moto ukatoka kwa ndugu zake.

Askari hao hao wa mizinga na makombora ya kutungulia ndege waliangusha ndege za adui kadhaa katika vita vile, na bila wao miji yetu ingepata mateso zaidi. Kwa hiyo si haki kuwakumbuka kwa siku moja mbaya. Lakini si haki vilevile kuifuta siku hiyo mbaya, kana kwamba marubani wale walikufa kifo kidogo. Aliyekufa kwa mkono wa mwenzake kwa bahati mbaya, akiwa njiani kuitetea nchi, ni shujaa kamili. Na aliyefyatua bila kujua anabeba mzigo ambao sisi tuliokaa majumbani hatuujui uzito wake.

8. MWANZA, TAREHE 29 MACHI 1979

Vita vilipoendelea, Libya ilimsaidia Amin. Tarehe 29 Machi 1979 ndege kubwa ya Libya ya kurusha mabomu, aina ya Tupolev Tu-22, ilikuja kuipiga Mwanza, na shabaha yake ilikuwa hifadhi ya mafuta. Ilikuwa ndege yenye kasi kupita sauti na nguvu nyingi. Lakini mabomu yake yaliukosa mji kabisa, yakaangukia kisiwa cha Saanane, penye hifadhi ya wanyama. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa kidogo, na wanyama kadhaa, swala miongoni mwao, walikufa.

Watu walicheka habari ya swala wa Saanane, na hata leo wengine huisimulia kama kichekesho. Tumshukuru Mungu kwa ajili ya watu wa Mwanza, lakini tuone pia funzo. Ndege ile haikukosa nguvu, ilikosa kujua mahali. Siku chache baadaye ndege zetu zilijibu kwa kupiga shabaha huko Kampala, Jinja na Tororo. Tarehe 7 Aprili askari wa miguu waliuteka uwanja wa Entebbe, na mamia ya watu wa jeshi la anga la Uganda wakajisalimisha. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa imekwisha kuanguka.

9. SISI WA CHAMAZI

Mtu aweza kuuliza, “Haya yatuhusu nini sisi, ambao si marubani?” Yatuhusu kwa njia tatu.

Kwanza, sisi wa upande huu wa jiji twajua kishindo. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya jeshi pale Mbagala yalilipuka, na watu zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto. Haikuwa vita, lakini waliokuwapo wanakumbuka watoto waliopotezana na wazazi, na njia zilizojaa watu wanaokimbia bila kujua wakimbilie wapi, kila mmoja akimwuliza mwenziwe kuna nini. Saa kama hiyo neno la kweli lina thamani kuliko maji. Mwenye kujua na aseme anachojua. Asiyejua na aseme, “Sijui.” Anayeongeza chumvi, hata kama ni kwa simu ya mkononi na kwa nia ya kusaidia tu, anafanya kazi ya ile rada mbovu ya mwaka 1939: kila alama anayoiongeza yazaa hofu, na hofu yazaa alama nyingine.

Pili, kila mmoja wetu anashika maisha ya mtu asiyemwona. Fundi wa breki za daladala, muuguzi aandikaye kipimo cha dawa, fundi umeme, mlinzi wa usiku, mama anayempa mtoto maelekezo ya njia ya shule: wote hao ni watu wa ardhini, na mwenzao yuko angani. Yafaa tuige desturi ya wale wanawake wa simu. Sikiliza vema. Rudia ulichosikia. Usiongeze neno la kwako.

Tatu, wako wazee wetu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 leo anakaribia miaka 70 au amekwisha kufika. Huko Kaboya, katika Mkoa wa Kagera, wamezikwa mamia ya askari wetu, na makaburi yao yanatunzwa. Lakini aliye hai hatunzwi kwa jiwe. Kama mtaani kwako yuko mzee aliyekuwa fundi wa ndege, au mtu wa rada, au wa mizinga, au dereva, au mama aliyempeleka mwanawe na hakurudi, nenda ukamwamkie. Usimwulize kwanza aliua wangapi. Mwulize alikuwa akifanya kazi gani, na wenzake walikuwa nani. Kama anapenda kusimulia, kaa umsikilize mpaka mwisho, na kijana mwenye kalamu aandike kwa ruhusa yake. Kama hapendi, mheshimu ukimya wake. Wengine waliona mambo ambayo mpaka leo hawajapata neno la kuyasemea.

MASWALI YA KUJADILI

1. Roald Dahl na ndege za Musoma walipatwa na mabaya bila kupigwa na adui. Makosa ya namna hizo mbili yanafanana kwa jambo gani, na yanatofautiana kwa jambo gani?

2. Marubani wawili waliofyatua tarehe 6 Septemba 1939 walionekana hawana hatia. Je, mwakubaliana? Basi hatia ilikuwa ya nani, au haikuwa ya mtu mmoja?

3. Katika kazi yako ya kila siku, ni nani aliye “angani” akitegemea neno lako? Ni lini mara ya mwisho ulipohakikisha kwamba neno hilo ni sahihi?

4. Kukitokea hatari mtaani kwetu, moto au mlipuko au mafuriko, ni nani atakayetoa habari, na tutamjuaje kwamba asema kweli? Wazee wa kanisa na viongozi wa mtaa walijadili hili pamoja kabla ya siku hiyo kufika.

5. Tarehe 25 Julai ijayo, tuwakumbuke kwa namna gani wale waliokufa kwa mikono ya wenzao, pamoja na wenzao hao waliobaki hai?

Walio na wazee wa vita katika familia zao, na ambao wazee hao wamekubali kusimulia, waombwe kuwaleta katika mkutano wa jumuiya. Waje na wajukuu wao wakae nao.